Muulize Fundi: Kompyuta ya mezani ipewe waya au Wi-Fi mpya?

Barua za mwezi huu zimegongana kwenye jambo moja. Wengi wenu mmeambiwa madukani kwamba vizazi vipya vya Wi-Fi, yaani Wi-Fi 6 na sasa Wi-Fi 7, vimemaliza kazi ya waya, na mnataka kujua ukweli kabla hamjatoa pesa. Msimamo wangu nautoa mapema: kompyuta ya mezani haihami, kwa hiyo inastahili waya, na hewa iachiwe simu, kompyuta mpakato na wageni. Palipo na sababu ya kwenda kinyume na hapo, nitaitaja.

Shikamoo Dada Fundi. Mimi ni kijana wa Tabata, Dar es Salaam, nahariri video za harusi nyumbani. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7050 iliyotumika, niliinunua Kariakoo. Haikuja na Wi-Fi, kwa hiyo nimechomeka nyuma yake kijiti cha USB cha gigahezi 2.4. Ruta ipo sebuleni, mimi nipo chumba cha mwisho, kuta zote za tofali za saruji. Nalipia kasi ya Mbps 50 lakini kwangu zinafika 8 mpaka 12, na jioni inakatika kabisa. Muuzaji ananishauri ninunue ruta ya Wi-Fi 7. Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe.

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo ruta iache dukani. Sehemu kubwa ya tatizo lako iko nyuma ya kompyuta yenyewe.

Kijiti kilichochomekwa nyuma ya kompyuta iliyo chini ya meza kina maadui wawili. Wa kwanza ni kasha: ni la chuma, na limekaa katikati ya kijiti na ruta. Wa pili ni matundu ya USB 3, ambayo mengi yana plastiki ya bluu ndani. Kifaa cha USB 3 kinapofanya kazi, kwa mfano diski ya nje unayomiminia video za harusi, hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo kijiti chako kinasikiliza. Intel walilieleza jambo hili kwa vipimo mwaka 2012. Mtu huona intaneti inakatika hasa wakati anapohamisha mafaili, akadhani ni mkosi. Leo hii, kabla hujatumia pesa ya maana, tafuta waya wa kurefusha USB wa mita moja, kipandishe kijiti juu ya meza na ukiweke mbali na diski.

Sasa tuje kwenye Wi-Fi 7. Ni kiwango kizuri, sina ugomvi nacho. Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni za Wi-Fi, walianza kutoa vyeti kwa vifaa vyake Januari 2024, na kasi ya juu inayotajwa kwenye makaratasi ni Mbps 46,000. Lakini kasi hiyo huhesabiwa kwa mikondo 16 ya redio kwa pamoja, wakati kadi ya kompyuta ya kawaida ina miwili. Inadai pia chaneli yenye upana wa megahezi 320, na upana huo unapatikana kwenye masafa ya gigahezi 6 peke yake. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo ukuta unavyoyameza. Ukuta mmoja wa tofali za saruji huyadhoofisha sana mawimbi ya gigahezi 6. Kuta tatu zinayamaliza. Na hata yangefika, kijiti chako cha 2.4 hakiwezi kuyasikia, maana kiwango kipya kinafanya kazi pale tu ambapo ruta na kompyuta zote mbili zinacho. Ungelipa bei ya Wi-Fi 7 ukabaki na mawimbi yale yale unayogombania na majirani. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na mtaa mzima unagawana hizo. Watu wakirudi nyumbani jioni na kuwasha simu na televisheni, kwako kunakatika.

OptiPlex yako, kwa upande mwingine, ina tundu la mtandao la gigabiti, yaani Mbps 1,000, nyuma, na halijawahi kutumika tangu uinunue. Kiwango cha gigabiti juu ya nyaya za shaba kilipitishwa mwaka 1999 na bado kinapita kifurushi chako mara 20. Kwa vitendo kinapitisha kama Mbps 940, asubuhi na jioni sawasawa, kikituma na kupokea kwa wakati mmoja. Hewani kila kifaa husubiri mwenzake anyamaze ndipo kiongee, na kadiri vifaa vinavyozidi, ndivyo kusubiri kunavyoongezeka. Ukiitoa kompyuta yako hewani, simu za wenzako pale nyumbani nazo zitapata nafuu.

Mwenye nyumba usigombane naye. Nunua tranki za plastiki (mifereji ya kufichia waya) zenye gundi mgongoni, zipitishe chini ukutani au juu ya fremu ya mlango, na penye mlango tumia mwanya ulio upande wa bawaba. Siku ya kuhama unazibandua. Pima urefu kwa kufuata ukuta, kona kwa kona, kisha ongeza mita mbili za akiba. Ukomo wa waya wa mtandao ni mita 100, na nyumba yako sidhani itafika hata 30. Usiulaze kwenye tranki moja na waya wa umeme. Kama lazima vikutane, vikatizane kwa pembe mraba. Na kwenye kona upinde taratibu, usiukunje kama karatasi.

Ukimaliza kuchomeka, fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows, ingia upande wa Ethernet, usome kasi ya kiungo. Inatakiwa iseme 1000/1000. Ikisema 100/100, usikubali. Ndani ya waya mna jozi nne. Kasi ya Mbps 100 hutumia jozi mbili tu, lakini gigabiti inazitaka zote nne, kwa hiyo unywele mmoja wa shaba usiogusa vizuri kwenye plagi unatosha kuishusha kompyuta bila kukuonyesha kosa lolote. Nimekuta ofisi zilizokaa hivyo miaka. Kwa kifurushi chako cha Mbps 50 usingeona tofauti kwenye intaneti, lakini siku utakapohamisha video za GB 100 kwenda kompyuta nyingine, gigabiti itachukua robo saa hivi na ile ya 100 itapita saa mbili. Angalia pia matundu ya ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti. Zipo ambazo matundu yake yanaishia Mbps 100. Kama ni hizo, swichi ndogo ya mtandao ya gigabiti yenye matundu matano itaziunganisha kompyuta zako zenyewe kwa zenyewe kwa kasi kamili, na ruta itabaki na kazi ya kuleta intaneti tu.

Jambo moja waya hautalibadilisha: kupandisha video kwa mteja. Faili la GB 10 likipanda kwa Mbps 20 linachukua zaidi ya saa moja, uwe na waya, uwe na Wi-Fi 7. Hapo mlango mwembamba ni kifurushi, na pesa ya ruta ni bora uitie huko.

Assalaam alaykum Dada. Tuna nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar. Kompyuta ya mapokezi ipo chini. Ruta imefungwa ghorofa ya pili na kuta ni nene kweli. Tumeweka virudishi mawimbi viwili kwenye ngazi, lakini programu ya kuhifadhi vyumba bado inakwama mgeni akiwa amesimama mbele yangu. Je, Wi-Fi 6 itapenya?

Waalaykum salaam. Haitapenya, na kiwango chochote kitakachokuja baada yake hakitapenya vizuri. Kuta za nyumba hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zina unene wa nusu mita. Wi-Fi 6 ilitengenezwa ili vifaa vingi vigawane hewa kwa utaratibu mzuri zaidi. Nguvu ya kuvuka jiwe haikuongezewa, kwa sababu nguvu ya kurusha mawimbi inawekewa ukomo na sheria za masafa, ruta iwe ya zamani au mpya.

Virudishi vyako navyo vinachangia. Vile vya kawaida husikiliza na kurusha kwa redio ile ile, kwa hiyo kila neno linasemwa mara mbili hewani, na kasi inashuka kama nusu. Ukiweka kimoja nyuma ya kingine, inashuka tena.

Unachohitaji ni waya mmoja kutoka ghorofa ya pili hadi mapokezi. Najua hofu yenu ni kutoboa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote ya kugusa jengo inapitia kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Ninawaunga mkono kabisa. Mtu asipige patasi ukuta wa chokaa kwa ajili ya intaneti. Lakini nyumba hizi zina njia zake. Nyingi zina uwazi wa ndani unaoleta mwanga na hewa kutoka juu hadi chini, na waya unaweza kuteremka kwenye kona yake. Kama hakuna uwazi, upo ubavu wa ngazi, na dari za boriti zina nafasi kati ya boriti na boriti ambako tranki nyembamba iliyopakwa rangi ya chokaa haionekani. Bomba la maji au la umeme la zamani lililokwisha kuachwa nalo ni njia, ilimradi halina tena umeme ndani.

Ukifika mapokezi, waya uingie kwenye swichi ndogo. Kutoka hapo lisha kompyuta, printa, na kituo kimoja cha Wi-Fi kwa ajili ya wageni wa chini. Hivyo ndivyo nyumba ya mawe inavyopata Wi-Fi nzuri: waya unavuka ukuta, kisha mawimbi yanaanzia upya ndani ya chumba. Virudishi vyote viwili viondoe. Na kwa kuwa mpo karibu na bahari, chagua plagi zenye meno yaliyopakwa dhahabu ya kutosha. Hewa ya chumvi inakula zile za bei rahisi, na kiungo kinaanza kuzima na kuwaka bila sababu unayoweza kuiona.

Sasa Fundi. Niko Roysambu, Nairobi. Usiku nacheza mpira kwenye kompyuta na wasee wa Ulaya, na pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, inaruka ovyo. Wi-Fi 7 itanisaidia?

Poa kaka. Kwanza tujue inarukia wapi. Fungua dirisha la amri, andika ping, kisha anwani ya ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na -t mwishoni. Iache dakika tano huku ukicheza. Kwa waya utaona chini ya milisekunde moja, mstari baada ya mstari. Kwa Wi-Fi kwenye jengo la fleti nyingi utaona 3, 4, halafu ghafla 80, halafu 5. Hizo 80 ndizo zinazokufungisha goli. Kama ruta yenyewe inajibu kwa utulivu, basi tatizo liko nje ya nyumba na hakuna ruta itakayolitibu.

Wi-Fi 7 inaweza kutumia masafa mawili kwa pamoja, na hilo kweli hupunguza mirukio. Waya hauna mirukio ya kupunguza. Ila kuna kiasi kisichoondoka kwa njia yoyote. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo njia ya kilomita 10,000 kwenda Ulaya inakula milisekunde 100 kwenda na kurudi, kabla ya kifaa kingine chochote kugusa mchezo wako. Na Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, kila mtu Afrika Mashariki aliona, mwenye waya na mwenye Wi-Fi. Cheza na watu walio karibu ukipata nafasi, na uchomeke waya.

Binti yangu, hujambo? Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Sengerema. Tumepata msaada wa kompyuta 20 za mezani zilizotumika, hazina Wi-Fi. Fundi mmoja anataka tununue vijiti 20 vya Wi-Fi na ruta moja kubwa ya Wi-Fi 6. Mwingine anataka kutandaza kebo, na kuvuta kebo ya shaba juu kwa juu kutoka ofisi ya mkuu wa shule, ilipo intaneti, hadi maabara, mita 80. Wa kebo ana bei ya juu kidogo na kamati inaegemea vijiti.

Shikamoo mwalimu. Sijambo, na nashukuru umeuliza kabla ya kulipa.

Ndani ya maabara, fundi wa kebo yuko sahihi. Wanafunzi 20 hufungua somo moja kwa wakati mmoja, maana mwalimu anasema "fungueni" na wote wanabonyeza. Kwenye ruta moja wote wanagombea hewa ile ile. Kwenye swichi ya gigabiti yenye matundu 24, kila kompyuta ina njia yake hadi kwenye swichi. Kuna na jambo la kibinadamu ambalo kamati italielewa haraka: kijiti kinachomoka na kinaingia mfukoni. Baada ya muhula mmoja au miwili mtakuwa na kompyuta zisizofika mtandaoni, na mtanunua tena. Waya ukishafungwa kwenye tranki hauendi popote, na hautahitaji programu ya kuuendesha Windows ikibadilishwa.

Nje ya maabara, hapana. Mita 80 ziko ndani ya ukomo wa 100, kwa hiyo kebo ya shaba ingefanya kazi siku ya kwanza, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yenye radi nyingi. Radi haina haja ya kuipiga kebo yenyewe. Ikipiga mti ulio karibu, kebo ndefu ya shaba iliyo hewani huokota umeme wa kutosha kuunguza tundu la ruta, swichi, na kompyuta zilizochomekwa kwenye swichi hiyo. Mwambie fundi avute faiba kati ya majengo. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, na mita 80 kwake si kitu. Unahitaji vigeuzi viwili, kimoja kila upande, vya kubadili mwanga kuwa waya wa kawaida. Umwambie pia hivi: faiba nyingi za juu kwa juu zina waya wa chuma ubavuni wa kuzibebea uzito. Chuma hicho kiishie kwenye ndoano nje ya jengo, kisiingie ndani kamwe, la sivyo tumeirudisha radi kwa mlango wa nyuma.

Sasa kebo yenyewe. Hapa nawaomba wazazi wote na kamati zote za shule mnisikilize, kwa sababu jambo hili linaniumiza. Madukani kumejaa kebo zilizoandikwa Cat 6, yaani daraja la kebo ya mtandao, ambazo ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu. Viwango vya kimataifa vya Cat 5e na Cat 6 vinataka shaba tupu. Aluminiamu ina ukinzani mkubwa zaidi, inakatika ikipindwa mara chache, na kwenye plagi inalegea baada ya muda. Shule hukusanya michango kwa taabu, halafu baada ya mwaka matundu nusu yamekufa na watu wanasema "waya haufai". Waya unafaa, walichouziwa ndicho kisichofaa.

Njia za kuitambua ni rahisi. Soma maandishi kwenye ganda, wakati mwingine wameandika wenyewe CCA, yaani aluminiamu iliyopakwa shaba. Nyanyua boksi: boksi zima la mita 305 la shaba ni zito, la aluminiamu unalibeba kwa mkono mmoja bila kufikiri. Kisha mwombe muuzaji akate kipande, menya unywele mmoja, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe wa fedha, rudisha. Muuzaji akikataa kukata kipande, nenda duka la pili. Mimi sianzi kazi kabla sijakwangua.

Kwa chumba kimoja cha kompyuta 20, boksi moja kwa kawaida linatosha, na Cat 5e ya shaba halisi inabeba gigabiti bila shida. Msilazimishwe kununua Cat 6A. Mafundi wafuate mpangilio mmoja wa rangi pande zote mbili. Uliozoeleka ni ule wa B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Msikabidhiwe kazi kabla kila waya haujapimwa kwa kipimio mbele yenu, taa zote nane zikiwaka kwa zamu.

Mtandao huo wa waya utawafaa hata siku intaneti haipo. Kompyuta moja yenye diski kubwa mkiigeuza kuwa mhudumu (seva), mkaweka programu ya Kiwix, wanafunzi watasoma Wikipedia bila intaneti, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kolibri nayo ina masomo na mazoezi yanayofanya kazi vivyo hivyo. Video zitatoka kwa mhudumu kwenda kwenye kompyuta 20 bila kugusa bando la shule.

Ruta ya Wi-Fi inunueni pia, ndogo tu, kwa simu na kompyuta mpakato za walimu.

Jambo dada. Natoka Lubumbashi, sasa naishi Columbus, Ohio, kwenye fleti. Nina intaneti ya gigabiti moja na ruta ya Wi-Fi 6E. Kompyuta yangu ya mezani ina kadi ya Wi-Fi 6E kwenye ubao mama, lakini mtandao wa gigahezi 6 hauonekani, naona wa 5 tu. Ninunue Wi-Fi 7? Kuvuta waya sebuleni mke wangu hataki, tuna watoto wadogo.

Jambo kaka. Wewe ndiye ambaye ningemruhusu akae na Wi-Fi, na 6E, yaani Wi-Fi 6 iliyoongezewa masafa ya gigahezi 6, inakutosha. Marekani ilifungua masafa ya gigahezi 6 mwaka 2020 kwa upana wa megahezi 1,200, wakati Ulaya ilifungua 480 tu mwaka uliofuata, kwa hiyo una nafasi kubwa hewani. Na kuta za ndani za fleti nyingi za huko ni bodi za jasi, mawimbi yanazivuka kwa urahisi kuliko tofali zetu.

Mtandao wa 6 kutoonekana kuna sababu tatu ninazozishuku. Ya kwanza ni Windows 10, ambayo haina msaada rasmi wa gigahezi 6. Unahitaji Windows 11, na kwa kuwa Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, ni wakati wa kuhama hata hivyo. Ya pili ni usalama: kwenye masafa hayo WPA2, kiwango cha zamani cha usalama wa Wi-Fi, hairuhusiwi, lazima ruta iwekwe WPA3. Ya tatu ni antena. Ubao mama wenye Wi-Fi huja na antena ndani ya boksi, na watu wengi hawazifungi kwa sababu mtandao unaonekana hata bila hizo. Tazama nyuma ya kompyuta: kama kuna vinundu viwili vya dhahabu vilivyo wazi, tafuta boksi. Antena zifunge, kisha uziweke juu ya meza. Zikibaki nyuma ya kasha zitasikia kidogo tu.

Kama bado unataka waya, tazama ukutani kabla ya kutandaza chochote. Fleti za Marekani nyingi zina tundu la kebo ya televisheni sebuleni na chumbani. Vifaa viwili vya MoCA 2.5, kimoja kwa ruta na kimoja kwa kompyuta, vinatumia kebo hiyo iliyokwishalala ndani ya ukuta na vinaweza kupitisha hadi Mbps 2,500. Hakikisha tu matundu yote mawili yameungana kwenye kigawanyi kimoja, na kwamba huduma ya intaneti yenyewe haitumii kebo hiyo kwa masafa yatakayogongana nayo. Mtoa huduma wako atakujibu kwa simu moja. Watoto hawatakuwa na cha kujikwaa.

Dada Fundi, amani kutoka Bujumbura. Nimeshachomeka waya kwenye kompyuta ya ofisi. Je, lazima nizime Wi-Fi?

Amani kwako pia. Si lazima. Windows ikiona njia zote mbili kwa kawaida huchagua waya yenyewe, kwa sababu huupa kipaumbele kiungo chenye kasi kubwa. Lakini mimi huizima kwenye kompyuta za ofisi kwa sababu moja: waya ukichomoka, kompyuta huhamia Wi-Fi kimya kimya, na kama kuna programu ya hesabu iliyofungua faili lake kutoka kompyuta kuu, kuhama huko katikati ya kuandika kunaweza kuliharibu faili. Bora ikatike, ikwambie imekatika, urudishe plagi.